Nzi wa Shingo ya Jogoo

Msikilizaji, wengi wetu jogoo akichinjwa manyoya ya shingo huenda jalalani. Wapo watu hapa hapa Nairobi ambao kabla hujayatupa watauliza kwanza ni ya rangi gani. Hao ni mafundi wa kufunga nzi wa bandia wa kuvulia samaki aitwaye trauti, kazi ambayo Kenya imeifanya kwa miaka mingi na kuuza ng'ambo.

Trauti si mwenyeji wetu. Aliletwa mwaka 1905 na kuachiliwa katika mito ya milima ya Aberdare. Hupenda maji baridi, na hudaka wadudu wanaoelea. Basi mvuvi humdanganya kwa mdudu asiye mdudu.

Tumtazame mmoja, Adams. Alibuniwa Michigan, Marekani, mwaka 1922 na Leonard Halladay, akapewa jina la rafiki yake, wakili wa Ohio. Aliyemfunga Nairobi kwa kawaida hatajwi popote.

Fundi hubana ndoana kwenye jiliwa na kuizungushia uzi. Mkia na mabawa hutoka kwa jogoo, mwili kwa manyoya ya kijivu ya mnyama wa majini wa Marekani aliye kama panya buku. Hayo hayana shida kubwa.

Shida ni shingo. Manyoya mawili ya shingo ya jogoo, moja la kahawia na moja la mistari myeusi na myeupe, huzungushwa pamoja nyuma na mbele ya mabawa mpaka nyuzi zake zichanue kama spoki za baiskeli. Nyuzi hizo ni ngumu, nao uso wa maji una kama utando. Nzi husimama juu yake kwa ncha, asizame. Unyoya wa tetea ni laini, hulowa upesi na kumzamisha. (Akina mama wasinielewe vibaya, nazungumzia kuku.)

Sasa, anayejifunza hujaza manyoya mpaka kwenye tundu la ndoana. Akipiga fundo la mwisho, tundu limeziba, na mvuvi aliye Uingereza hawezi kupitisha mshipi. Mafundi hawa hulipwa kwa dazani, na nzi wa namna hiyo hahesabiwi. Ndiyo maana fundi mzoefu, kabla hata ya kufunga mkia, huacha nafasi ndogo tupu nyuma ya tundu, wala haigusi mpaka fundo la mwisho.