Mwembe Hautabiri Njaa

Swali limerudi, safari hii kutoka kwa mkulima wa Kongwa: "Mtaalamu, miembe imebeba mpaka matawi yanainama. Ndiyo kusema mvua itakata mapema?" Kila Novemba nalijibu hilohilo, na jibu ni hapana.

Mwembe hutoa maua wakati wa kipupwe, baada ya wiki kadhaa za ukavu na usiku wa baridi. Kipupwe kikiwa kikavu, maua hushika. Mvua ikipita katikati yake, ugonjwa wa chule huyaunguza, na mti hubaki majani matupu. Kwa hiyo embe unaloliona leo linakupa habari za Julai. Tena mwembe mara nyingi huzaa sana mwaka mmoja, unaofuata ukapumzika. Ndiyo maana mwembe dodo wa uani kwako umeelemewa, na mwembe bolibo wa jirani, hatua ishirini tu, hauna kitu. Je, jirani yako atanyeshewa peke yake?

"Lakini wazee waliona maembe yakija na njaa." Waliona kweli, wala siwadharau. Maembe huiva Novemba hadi Januari, miezi ileile ambayo ghala limebaki vumbi na nafaka mpya iko mbali. Watoto hushinda kwa maembe. Njaa na embe vikakumbukwa pamoja. Mwaka wa maembe tele na mavuno tele haukuwa na cha kusimuliwa. Mvua yetu huletwa na pepo na joto la bahari, na mzizi wa mwembe haufiki huko.

Hata kumbikumbi, mnaowasubiri kama wajumbe wa mvua, wengi hutoka udongo ukishalowa. Lakini dalili hupimika: wazee wa ukoo wa Nganyi, watabiri wa mvua wa jadi kule Vihiga nchini Kenya, wamekaa na wataalamu wa hali ya hewa wakilinganisha dalili zao na vipimo. Nanyi leteni zenu tuzipime, ila msiniletee embe.

Sasa shamba. Sikiliza utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kisha ule wa siku kumi. Chimbua udongo: unyevu usipofika urefu wa kiganja, usipande. Tanguliza mtama na uwele. Mahindi yawe ya muda mfupi, bondeni. Usimalize mbegu yote siku moja, bakiza ya kurudishia. Kinga maji kwa matuta. Na hayo maembe, yakateni vipande myakaushe juani kabla hayajaoza.