Mdaiwa Naye ni Jirani Yetu



Katika kutembelea vikundi tunakuta jambo moja ambalo watu hawapendi kulitaja Padre akiwepo. Jumapili tunapeana mkono wa amani kanisani. Jumanne kamati inapiga hodi kwa mwanachama aliyeshindwa kurudisha mkopo, na inatoka na sufuria, godoro na kuku wawili. Mara nyingi ni watu wale wale waliopeana mkono. Tukiuliza, tunajibiwa, "Hiyo ni katiba ya kikundi, si mambo ya dini."

Sisi tunasema ni mambo ya dini kabisa. Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu ni ipi (Marko 12), alijibu kwa amri mbili: kumpenda Mungu kwa moyo wote, na kumpenda jirani kama nafsi yako. Zote mbili alizitoa katika vitabu vya Musa, ya kwanza katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, ya pili katika Walawi sura ya 19. Fungueni hiyo Walawi 19 muisome yote, si mstari mmoja tu. Mtaona kwamba amri ya jirani imekaa katikati ya mambo ya shamba na pesa: maskini waachiwe masazo ya mavuno, ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi, na mizani iwe ya haki. Kumbe kupenda jirani, tangu mwanzo, kulihusu pia sokoni na kwenye daftari la mweka hazina.

Juu ya mikopo Musa ni wazi zaidi. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, anakataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa sababu hilo ndilo linaloleta unga. Anayedai asiingie nyumbani kujichagulia kitu. Asimame nje, mwenye deni amtolee mwenyewe. Nguo ya maskini irudishwe jua likitua, maana ndiyo blanketi lake. Na nguo ya mjane isichukuliwe kamwe. Kwetu sisi jiwe la kusagia ni nini? Ni jembe, ni cherehani ya fundi, ni ile sufuria kubwa ya mama anayepika githeri auze. Ukimnyang'anya hiyo, atakulipa na nini?

Hata serikali imeliona jambo hili. Sheria ya Kenya ya kesi za madai, kifungu cha 44, inakataza kukamatwa kwa nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mwenye deni na jamaa yake, pamoja na vyombo anavyohitaji kwa kazi yake. Dalali aliyetumwa na korti hawezi kuvibeba. Basi kamati ya kijiji, ambayo hata haijafika kortini, inapata wapi ruhusa?

Wengine watasema, "Hizi pesa ni jasho letu. Tukihurumia kila mtu, kikundi kitakufa." Ni kweli, na hatutaki mtu alidharau neno hilo. Mama aliyeweka shilingi hamsini kila juma kwa ajili ya karo naye ni jirani, na kumpotezea akiba yake si upendo. Kuna mtu mwenye uwezo anayekwepa makusudi, akipita njia ya nyuma siku ya mkutano. Huyo adaiwe bila woga, wadhamini wake waitwe, na ikibidi jambo lifike kwa chifu. Lakini yule ambaye ng'ombe wake amekufa, au aliyemlaza mtoto hospitalini, si mkwepaji. Kuwaweka wawili hawa chini ya kipengele kimoja cha katiba ni uvivu.

Tumtazame yule Msamaria wa Luka 10. Wengi tunakumbuka huruma yake tu, tunasahau jinsi alivyopanga mambo. Alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, kama tunavyojua kutoka kwa mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu (Mathayo 20). Akaahidi kulipa kitakachozidi wakati wa kurudi. Hakuiacha safari yake, wala hakutoa mfuko wote. Alitoa kiasi, akamkabidhi mtu wa kutunza, akajifunga kurudi.

Kikundi kinaweza kufanya vivyo hivyo. Sehemu ndogo ya mchango wa kila mkutano itengwe kuwa mfuko wa dharura, nao uandikwe kwenye daftari lake peke yake. Malipo yakikosekana mara ya kwanza, wanachama wawili waende kumwona mwenzao kabla ya kamati kukaa, wasikie kumetokea nini. Ikiwa ni shida ya kweli, muda uongezwe na tarehe mpya iandikwe, naye atie sahihi. Faini nazo ziangaliwe. Walawi 25 inakataza kumtoza riba ndugu aliyefukarika, na sisi tumeona faini zilizolishinda deni lenyewe kwa ukubwa. Pesa ya namna hiyo hata ikiingia, kikundi huwa kimempoteza mtu.

Tangu mwaka 1976, maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi, jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zimekuwa jambo la kwanza katika kazi ya Kanisa letu. Mahali pengi wanajumuiya ndio hao hao wanakikundi, kwa hiyo mwenzetu akianza kukosa jumuiya, tuulize kama ni deni linalomfukuza. Aibu ya deni hufukuza watu haraka kuliko ugonjwa.

Katika mkutano ujao, katibu alete katiba. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kila kikundi kiwe nayo, lakini mara nyingi imelala kabatini tangu siku ya usajili. Asome kwa sauti kipengele cha wasiolipa, kisha mtu mwingine asome Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 6 na wa 10 mpaka wa 13. Baada ya hapo wanachama waseme ni vitu gani havitachukuliwa katika nyumba ya mtu yeyote, viandikwe kwa majina, na kura ipigwe siku hiyo hiyo.