Sufuria Iliyoungua Haina Risiti

Nyumba ikiungua Langas au Munyaka, mitaa ya Eldoret, majirani hufika mapema na maneno ambayo kila mtu anayajua: shukuru Mungu uko hai, vitu vitatafutwa. Ni maneno mema, na katika kupima lililo kubwa na lililo dogo ni ya kweli, maana hakuna kabati linalolingana na mtoto. Lakini nusu yake ya pili haichunguzwi. Inachukulia kwamba kila kilichoteketea hutafutika, kwamba sufuria ni sufuria na blanketi ni blanketi, na kwamba mwenye fedha za kutosha anaweza kuzunguka madukani Jumamosi moja akarudi na nyumba yake kama ilivyokuwa. Nashikilia kwamba dhana hiyo si sahihi, kwamba utafiti na hata sheria zetu wenyewe zinaonyesha si sahihi, na kwamba imewagharimu watu wa Uasin Gishu na majirani zao zaidi ya mara moja.

Mfano mkubwa hauko mbali. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 nchini kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza, na eneo hili lilikuwa miongoni mwa yaliyoumia zaidi. Kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji wa Eldoret, lilichomwa Januari 1, 2008 likiwa na watu ndani. Maelfu walikimbilia Uwanja wa Maonyesho wa Eldoret na walichoweza kubeba mikononi. Mwezi wa Mei serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, na msaada ukapangwa kwa viwango viwili: shilingi 10,000 za kuanzia maisha kwa kila familia, na shilingi 25,000 kwa waliochomewa nyumba. Kwa miaka mingi watu walibishana nani alipata, nani alirukwa, na kama fedha hizo zilitosha. Ulikuwa ubishi wa haki kabisa. Hata hivyo ulikaa ndani ya swali moja tu, la kiasi gani, kana kwamba kiwango kikipandishwa vya kutosha kitafika mahali hasara ilipo. Shilingi 25,000 hazifiki kwenye albamu ya harusi, lakini hata shilingi milioni mbili hazifiki. Wala hazinunui leso aliyoiacha marehemu mama, au blanketi la Raymond lililofumwa hapa hapa mjini katika kiwanda ambacho mashine zake zilinyamaza zamani.

Kwa nini haziwezi? Mwanasaikolojia William James aliandika mwaka 1890 kwamba nafsi ya mtu, kwa maana pana, ni jumla ya vyote anavyoweza kuviita vyake: mwili, jamaa, kazi, nyumba, mavazi. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1988, Russell Belk, mtaalamu wa tabia za wanunuzi, aliikuza hoja hiyo kwa kuonyesha jinsi watu wanavyovitumia vitu kama sehemu ya nafsi iliyotandazwa nje ya ngozi. Kabla yake, Mihaly Csikszentmihalyi na Eugene Rochberg-Halton walikuwa wamewahoji watu 315 wa familia 82 katika mji wa Chicago kuhusu vitu walivyovithamini zaidi nyumbani, na kitabu chao cha 1981 kina jambo ambalo wauzaji wa samani hawalipendi: mara nyingi watu walieleza thamani ya kitu kwa kumtaja mtu, tukio au kipindi cha maisha, wala si kwa kutaja bei au ubora wake. Kiti kilipendwa kwa sababu ya aliyekikalia.

Nyuma ya hayo kuna jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi. Tumezoea kuifikiria kama ghala lililomo kichwani, ambalo moto hauwezi kulifikia. Endel Tulving, aliyetumia maisha yake kuchunguza kumbukumbu, alionyesha pamoja na Donald Thomson mwaka 1973 kwamba kukumbuka hakutegemei tu kile kilichohifadhiwa. Kunategemea pia kidokezo kinachokiita, na kidokezo chenye nguvu ni kile kilichokuwepo wakati jambo lilipotokea. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa bado anayo kumbukumbu ya sauti ya nyanya yake jikoni, lakini asiifikie kwa miaka kwa sababu bakuli lililokuwa likiiamsha halipo tena. Huenda hii ndiyo sababu aliyepoteza vitu vyake vyote kwa pamoja hulalamika kwamba maisha yake ya zamani yanamwia kama ya mtu mwingine. Walio karibu humwambia ni huzuni tu, itapita. Nadhani kuna zaidi ya huzuni: amepoteza vidokezo.

Bruce Hood na Paul Bloom walilijaribu jambo hili kwa watoto wadogo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Waliwaonyesha mashine waliyodai kwamba hunakili kitu chochote kikatoka sawasawa na cha kwanza. Vilipowekwa vitu vya kuchezea vya kawaida, watoto wengi walichagua nakala. Lakini wale waliokuwa na kitu wanacholala nacho kila usiku, mwanasesere au kitambaa, wengi walitaka chao wenyewe kirudi, na baadhi walikataa hata kisiwekwe ndani ya mashine. Hakuna aliyewafundisha. Mtoto wa miaka minne tayari anatofautisha kati ya kitu kinachofanana na chake na kile kilicho chake.

Mhasibu atasema kitu kikitumika huchakaa, na thamani yake hushuka kila mwaka hadi sifuri. Kwa friji ni sawa. Kwa sotet, kibuyu cha Wakalenjin cha kugandishia mursik, maziwa yao ya mgando, hesabu hiyo inakwenda kinyume. Kibuyu kipya hakifai kitu mpaka kisafishwe, kikaushwe na kupakwa tena na tena mkaa wa mti wa senetwet. Kadiri kinavyotumika ndivyo kinavyoshika harufu na ladha ya nyumba hiyo, na kikipata ufa hushonwa badala ya kutupwa. Mwanariadha akishuka katika uwanja wa ndege wa Eldoret na medali shingoni, hupokewa kwa maziwa ya kibuyu kama hicho mbele ya kamera, na hakuna anayeuliza kibuyu kilinunuliwa shilingi ngapi. Kibuyu cha miaka ishirini kikiungua, soko lina kibuyu kingine cha bei ndogo sana. Hakina ile miaka ishirini.

Pingamizi lililo zito zaidi dhidi ya haya yote linatoka jirani, Tanzania. Wanauchumi wanajua tangu jaribio la Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler la mwaka 1990 kwamba mtu akipewa kikombe hukitaka zaidi kwa sababu tu ni chake: waliokuwa nacho walidai karibu dola 7 kukiuza, na wasiokuwa nacho walikuwa tayari kutoa karibu dola 3 tu. Coren Apicella na wenzake wakalipeleka wazo hilo kwa Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo. Walitumia biskuti na viberiti vya gesi. Wahadzabe wa karibu na kijiji cha Mangola, waliozoea biashara na watalii, waling'ang'ania walichopewa. Takriban mmoja katika wanne ndiye aliyekubali kubadilishana. Walio mbali na soko, wanaogawana karibu kila kitu, walibadilishana kwa kiasi cha nusu, yaani kama watu wasiojali wameshika kipi. Basi, atasema mpinzani, huku kushikamana na vitu ni ugonjwa tulioambukizwa na soko, na dawa yake ni kuachilia.

Nauheshimu utafiti huo, na nadhani unasema kweli kuhusu ulichokipima. Lakini ulipima nini? Biskuti zilizokaa mkononi mwa mtu kwa dakika chache. Kitu kisicho na historia kilishindanishwa na kingine kisicho na historia, na kilichojitokeza ni tamaa ya kutopungukiwa, ambayo kweli soko huikuza. Anayelilia leso ya mama haililii kwa sababu ni mali yake. Ukimpa leso kumi mpya amekuwa na mali zaidi, na kilio kiko pale pale. Tukichanganya uchoyo na kumbukumbu tutawahukumu waliopoteza kwa kosa ambalo hawakulifanya, na hapa mjini tunawahukumu hivyo kila siku, tunapomwambia mama aliyechomewa nyumba asiwe mtu wa kupenda vitu.

Pingamizi la pili ni la kisasa: piga picha, kisha acha kitu kiende. Lina ushahidi. Karen Winterich na wenzake walifanya jaribio katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Penn State, wakalichapisha mwaka 2017. Wanafunzi waliohimizwa kupiga picha za vitu vyenye kumbukumbu kabla ya kuvitoa msaada walitoa vitu 613. Mabweni yasiyohimizwa hivyo yalitoa 533. Picha, basi, hubeba sehemu ya mzigo. Lakini wanafunzi hao walikuwa na muda wa kupanga, walichagua wenyewe cha kutoa, na walijua kinakwenda kumfaa mtu. Aliyekimbia usiku hana hata moja kati ya hayo matatu. Tena picha zenyewe sasa zinakaa kwenye simu, na simu ndiyo inayonyakuliwa stendi. Aliyeibiwa huenda polisi akapewa abstrakti, akarudishiwa laini yake, na namba pamoja na salio la M-Pesa vikarejea kabla ya jioni. Kampuni ya simu imerudisha kila ilichoweza kukihesabu. Video ya marehemu baba akicheka haimo.

Limebaki lile la wanasheria, ambalo huonekana kama limefunga mjadala: huzuni haipimiki, na tukianza kuilipia kila mtu atadai kibuyu chake kilikuwa cha babu. Mahakama za Kenya kwa muda mrefu zimeshikilia kwamba hasara maalum lazima itajwe bayana katika madai na ithibitishwe kikamilifu. Kwa kawaida uthibitisho huo ni risiti, nayo risiti hukaa ndani ya nyumba ile ile iliyoungua. Ukiisoma sheria yenyewe, hata hivyo, utaona haiko ngumu kiasi hicho. Kanuni za mwaka 2017 za kukadiria fidia ya ardhi inayotwaliwa na serikali zinataka asilimia 15 ya bei ya soko iongezwe kwa ajili ya usumbufu wa kuhamishwa, na wazo hilo lilikuwamo katika sheria ya zamani pia. Kwa nini kuongeza chochote, kama bei ya soko ndiyo thamani yote? Asilimia 15 ni kiwango cha kukisia, hakimpimi mtu yeyote machozi yake, na bado tumekikubali kwa ardhi.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinakwenda mbali zaidi. Kinaorodhesha vitu ambavyo mdai hawezi kuvikamata hata awe na hukumu ya mahakama mkononi: mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake, na mapambo ya mwilini ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hawezi kutenganishwa nayo. Sufuria iko katika orodha hiyo kwa sababu watu lazima wale. Mapambo yamo kwa sababu nyingine kabisa, isiyohusiana na njaa wala baridi. Waliotunga kifungu hiki walikiri kwamba kuna kitu ambacho kumnyang'anya mtu ni kumvunjia nafsi, hata kama kina bei na deni ni la halali. Hawakuogopa udanganyifu, waliandika tu aina ya kitu, wakamwachia hakimu.

Kwa hiyo sidai walipwe machozi. Nadai tutofautishe moto wa stima na moto wa mtu aliyepanga. Mwishoni mwa 2013 serikali ilitangaza shilingi 400,000 kwa kila familia iliyotakiwa kuuacha msitu wa Embobut, kule Elgeyo Marakwet, na Januari 2014 nyumba za Wasengwer, wakazi wa msitu huo, zikachomwa katika operesheni ya kuwaondoa. Acha kando kwa sasa swali la nani mwenye haki na msitu, ambalo ni kubwa na bado lina moto wake. Aliyekuja na kiberiti alikuwa na kalenda. Angeweza kusubiri vibuyu, ngozi na mizinga itolewe, na kusubiri huko kusingeigharimu hazina ya taifa kitu. Hasara ambayo fedha haiwezi kuirudisha ndiyo hasa inayopaswa kuzuiwa mapema, kwa kuwa hakuna nafasi ya kuirekebisha baadaye.

Hali hiyo hiyo hujirudia kwa udogo kila mwezi katika vyumba vya kupanga vya mji huu. Mwenye nyumba anapopiga kufuli kwa sababu ya kodi ya miezi miwili, anajua dalali hatapata mnunuzi wa albamu, wala wa cheti cha ubatizo, wala wa sweta la shule lenye jina la mtoto kwenye kola. Kumpa mpangaji nusu saa avitoe, huku televisheni ikibaki, hakupunguzi deni wala hakuliongezi. Wapo watakaojibu kwamba kuvizuia ndiko kunakoleta malipo, kwa sababu mpangaji hukopa haraka zaidi kwa ajili ya albamu kuliko kwa ajili ya televisheni. Anayesema hivyo amekwisha kukiri kwamba vitu hivyo vina thamani ambayo soko halijui, na kwamba yeye anaijua vizuri kiasi cha kuitumia. Bunge likilikubali hilo, linaweza kuviongeza katika orodha ile ile ya sufuria na matandiko, na kumfunga nayo mwenye nyumba pia.