Mgonjwa asiyejibu huenda anakusikia

MHUDUMU wa bodaboda akigongwa makutanoni Gatitu na kuumia kichwa, jamaa zake huweza kukesha hospitalini mjini Nyeri wakimwita bila kujibiwa. Macho hufunguka, mkono hausogei. Je, yumo au hayumo?

Kimya hicho si ushahidi. Mnamo 2006, Adrian Owen na wenzake nchini Uingereza walimtaka mwanamke aliyeumia katika ajali ya barabarani, asiyeitikia lolote, awaze kwamba anacheza tenisi. Picha za ubongo wake zilifanana na za mtu mwenye afya.

Mashine hiyo ni ghali mno. Ipo nafuu zaidi, ile inayopima kifafa, ambayo hunasa umeme wa ubongo kupitia nyaya zinazobandikwa kichwani. Mgonjwa huambiwa akunje na kukunjua vidole, kisha aache. Kompyuta hutafuta tofauti baina ya amri hizo. Katika utafiti wa New York uliochapishwa 2019, wagonjwa 16 kati ya 104 waliitikia hivyo, na saba kati yao waliweza kujitegemea kwa saa kadhaa kwa siku mwaka mmoja baadaye.

Hata hivyo, kipimo kisiponasa kitu, daktari hawezi kuapa kwamba fahamu haimo, kwani hata baadhi ya watu wazima wa afya hukipita bila kunaswa.