Mtoto mwenye kisukari: sindano ndiyo huamua saa ya chakula

Mtoto akigundulika kuwa na kisukari, jambo la kwanza linalofanyika katika nyumba nyingi ni kupiga marufuku vyakula. Wali unaondolewa mezani, ndizi mbivu zinafichwa, ugali wa sembe unageuzwa kuwa wa dona au wa mtama, na sufuria dogo la mgonjwa linatengwa kando. Mapenzi ni mengi, lakini swali lililo kubwa zaidi aghalabu halijaulizwa: mtoto huyu anachomwa insulini ya namna gani, nayo hufanya kazi saa ngapi?

Kisukari aina ya kwanza hakiletwi na kula sukari nyingi. Kinga ya mwili wenyewe huziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika chembe za mwili. Zamani matabibu waliwanyima watoto chakula mpaka wakabaki mifupa mitupu, ili waishi miezi michache zaidi. Mwezi Januari 1922, mjini Toronto, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alichomwa insulini na maisha yake yakaokolewa. Tangu hapo njaa si tiba tena ya ugonjwa huu. Kazi iliyobaki ni kuupatanisha mlo na sindano.

Chakula kinapofuata sindano

Wapo wagonjwa wengi wanaotumia insulini ya mchanganyiko, asubuhi na jioni. Ndani yake zimo insulini mbili. Moja ni ya muda mfupi, ambayo ikiwa peke yake huwa angavu kama maji. Hiyo huanza kazi baada ya nusu saa hivi, ndiyo maana mgonjwa huambiwa achome kwanza, kisha angoje kidogo ndipo ale. Nyingine ni ya muda wa kati, yenye rangi kama ya maziwa, nayo hupata nguvu zake nyingi kati ya saa ya nne na ya kumi baada ya sindano.

Hebu tupige hesabu. Mtoto aliyechomwa saa 12:30 asubuhi atakuwa na insulini yenye nguvu tangu saa 4:30 asubuhi hadi saa 10:30 jioni. Insulini hiyo ikishaingia mwilini haingoji chungu kiive. Siku ya Jumapili, wageni wamefika, pilau haijapakuliwa mpaka saa 9:00 alasiri, na mtoto anaendelea kucheza uani. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anakuwa mkali bila sababu. Asiposaidiwa huweza kupata degedege na kuzimia. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Vivyo hivyo sindano ya jioni hupata nguvu usiku wa manane, na pengine daktari hushauri apewe kitu kidogo cha kula kabla ya kulala.

Kwa mgonjwa wa namna hii, kanuni ni mbili: saa isibadilike sana, na kiasi cha wanga kisipande na kushuka ovyo. Aina ya chakula yaweza kubadilika. Unga wa mahindi wa gramu 100 una wanga wa gramu 75 hivi, uwe sembe au dona. Dona lina makapi yanayopunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, lakini halifuti hesabu. Basi mtoto aweza kula ugali leo na wali kesho kutoka katika sufuria la wote, mradi wanga ulingane.

Sindano inapofuata chakula

Upo utaratibu mwingine. Mgonjwa huchoma insulini ya muda mrefu mara moja au mbili kwa siku, ambayo ni akiba ya mwili hata asipokula, kisha huchoma ya muda mfupi kabla ya kila mlo. Zile za kasi zaidi, zilizoanza kupatikana mwaka 1996, huanza kazi kwa dakika 10 hadi 20. Hapa mgonjwa huhesabu wanga uliomo sahanini: kipande cha mkate gramu 15 hivi, ndizi mbivu ya wastani gramu 25 hivi. Kisha huchoma kwa kadiri alivyoelekezwa na daktari. Chakula kikichelewa, sindano nayo hungoja. Utafiti uliotangazwa Uingereza mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu wazima waliofundishwa hesabu hii walikula kwa uhuru zaidi, na sukari yao ikatulia vizuri zaidi.

Lakini uhuru huo una bei. Hudai sindano nyingi, kupima damu mara kadhaa kwa siku, na vijiti vya kupimia ambavyo mshahara wa mfanyakazi huenda usivimudu. Asiyeupata utaratibu huo asione haya. Afuate saa yake barabara.

Yasiyobadilika

Katika utaratibu wowote, mtoto wa kisukari aina ya kwanza asiachishwe insulini kabisa, hata akiwa mgonjwa na hataki kula. Kuiacha huleta sumu ya asidi katika damu, nayo huua. Apelekwe hospitali kuuliza kiasi kinachofaa. Sukari ikishuka, apewe mara moja vijiko vya chai 2 au 3 vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akizimia, asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali.

Ndugu mzazi, siku ya kliniki ichukue chupa ya insulini mkononi, uulize: hii huanza saa ngapi, hupata nguvu saa ngapi, huisha saa ngapi? Majibu yaandike, uyabandike jikoni, na nakala umpe mwalimu wake. Bibi, shangazi na dada wa nyumbani wote wayajue, kwa maana anayepakua chakula ndiye anayekamilisha kazi ya sindano.