Vifungio vya ski: Usilipie mlima mrefu kwa safari fupi

KATIKA maduka ya vifaa vya theluji kwenye milima ya Alps, kuna bidhaa ambayo mnunuzi mara nyingi hulipa zaidi ili apewe kitu kilicho chepesi zaidi. Bidhaa hiyo ni kifungio cha ski cha kupandia mlima. Tatizo ni kwamba mtu anayepanda kwa nusu saa au saa moja, kisha akateleza kurudi chini, huuziwa kifungio cha mtu anayepanda kutwa nzima. Fedha humtoka, na wakati mwingine usalama wa mguu wake hupungua.

Kwa wasomaji wetu walioko Ulaya wanaouza, kukodisha au kununua vifaa hivi, na kwa wale wanaofikiria kuweka akiba yao katika hisa za kampuni zinazovitengeneza, inafaa kufahamu bidhaa yenyewe kabla ya kutoa fedha.

BIDHAA YENYEWE

Kifungio ni chombo cha chuma na plastiki kinachoshikiza buti kwenye ubao wa ski. Wakati wa kupanda, kisigino huachwa huru na chini ya ubao hubandikwa kitambaa chenye nyuzi, kiitwacho ngozi, kinachozuia kurudi nyuma. Wakati wa kushuka, buti lote hufungwa. Mtu akianguka, kifungio kinatakiwa kufyatuka kabla mfupa haujavunjika.

Sokoni kuna makundi matatu makubwa.

La kwanza ni kifungio cha fremu. Hiki ni kama kifungio cha kawaida kilichopachikwa juu ya reli inayonyanyuka pamoja na kisigino. Ni kizito, vingi vyake huzidi kilo 1 kwa kila mguu, na uzito huo huinuliwa kila hatua. Faida yake ni kwamba vingi hupokea buti la kawaida la ski.

La pili ni kifungio cha pini. Fritz Barthel, mhandisi wa Tirol nchini Austria, alibuni mfumo huu na kuuombea hakimiliki mwaka 1984; kampuni ya Dynafit ndiyo iliyouingiza sokoni. Pini mbili hushika matundu ya chuma yaliyo kwenye ncha ya buti, na kisigino kikinyanyuka kifungio hubaki chini. Hakimiliki ilipomaliza muda katika miaka ya 2000, watengenezaji wengine wakaingia kwa wingi. Ndiyo maana leo mnunuzi ana uchaguzi mpana.

La tatu ni mchanganyiko: hupanda kwa pini na kushuka kama kifungio cha kawaida. Shift ya Salomon, iliyotoka mwaka 2018, ni mfano unaojulikana. Uzito wake ni kama gramu 900 kwa mguu.

HESABU YA UZITO

Tuchukue mpandaji ambaye yeye na mzigo wake ni kilo 90, na anapanda mita 400 za kimo kwa saa. Mlima wa mita 300 utamchukua dakika 45. Akiacha mchanganyiko wa kilo 1.8 kwa jozi na kuchukua pini nyepesi za kilo 0.7, atakuwa amepunguza kilo 1.1.

Wapandaji husema kilo moja ya mguuni ni sawa na kilo tano za mgongoni. Hata tukikubali kipimo hicho, nafuu ni kama asilimia 6, yaani dakika 3 kwa mlima huo. Kwa safari ya mita 1,500, nafuu hiyo hufikia dakika 13 au 14, na uchovu wa miguu huhesabika. Kwa mtu huyu wa pili uzito ni hoja. Kwa yule wa kwanza ni hoja ndogo sana.

Aidha, safari fupi ina gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye kibandiko cha bei: kubadili kati ya kupanda na kushuka. Anayepanda mita 100 mara tatu hubadili mara tano. Kifungio kinachomchelewesha dakika moja zaidi kila mara kitamla dakika 5, karibu mara mbili ya zile alizookoa kwa wepesi. Kwa hiyo mnunuzi akijaribishe dukani akiwa amevaa glavu: je, lazima avue ski ili abadili? Je, kuna vipande vidogo vinavyoziba kwa barafu?

SUALA LA MGUU

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Kifungio cha kawaida hufyatuka kando upande wa vidole. Pini za mtindo wa zamani hufyatuka kando upande wa kisigino, na hazitulizi mtikisiko kwa kiasi kile kile. Namba 8 iliyoandikwa kwenye kifungio kimoja haina maana sawasawa na namba 8 ya kingine.

Muuzaji aulizwe kifungio kimepimwa kwa kanuni ipi. ISO 9462 ni ya vifungio vya kawaida vya kushukia. ISO 13992 ni ya vifungio vya kupandia. Shift imepita zote mbili. Vipo vya pini vyenye cheti cha kupandia, na vipo vyepesi vya mashindano visivyo na cheti chochote. Tecton ya Fritschi, kampuni ya Uswisi, hutumia pini mbele lakini hufyatuka kando upande wa vidole, na kisigino chake hushika kama cha kawaida.

Jambo jingine: pini za mbele zikifungwa kwa hali ya kupandia, buti halifyatuki ipasavyo. Anayeshuka akiwa amezifunga ili zisimtoke anaweka rehani mfupa wake wa ugoko. Na kwenye maporomoko ya theluji, ski isiyotoka humvuta mtu chini.

NANI ANUNUE NINI

Anayetumia lifti sehemu kubwa ya siku na kupanda kwa miguu mara moja moja, mchanganyiko unamfaa. Anayepanda kila mara lakini kwa muda mfupi, achukue pini ya daraja la kati, yenye breki na kisigino imara, ya gramu 500 hadi 750 kwa mguu. Anayepanda siku mbili tatu kwa mwaka hana sababu ya kununua, akodishe. Kwa mfano, seti ikiwa yuro 1,000 na kukodi yuro 50 kwa siku, ununuzi unaanza kulipa baada ya siku 20.

Fremu iliyotumika inaweza kumfaa anayeanza, kwa kuwa humwepusha na gharama ya buti jipya lenye matundu ya pini. Mara nyingi buti hugharimu kuliko kifungio, hivyo bei ya kulinganisha ni ya seti nzima: kifungio, buti, ngozi na ufundi wa kufunga.

TAHADHARI KWA WAUZAJI

Mfanyabiashara asivutiwe na shehena ya vifungio vya zamani kwa sababu tu bei imeshuka. Kila msimu watengenezaji hutoa orodha ya vifungio ambavyo bado wanavibebea dhamana, na mafundi wengi hukataa kurekebisha kifungio kilichoondolewa. Pia soli za buti zimebadilika. Kifungio cha zamani huenda kisipokee soli ya GripWalk. Mali ya namna hiyo hukaa rafuni.

Ubao uliotobolewa mara mbili hupungua thamani, hivyo vipimo vya buti vichukuliwe kabla ya skrubu ya kwanza.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Majira ya baridi ya 2020/21, lifti zilipofungwa Ufaransa kwa sababu ya korona, wengi waligeukia kupanda kwa miguu. Michezo ya Olimpiki ya Milano Cortina 2026 nayo iliingiza mashindano ya kupanda kwa ski kwa mara ya kwanza. Habari kama hizi huamsha hamu ya hisa.

Hata hivyo, Dynafit ni mali ya Oberalp, kampuni ya familia ya Bolzano, Italia, ambayo hisa zake haziuzwi kwa umma. Salomon na Atomic zimo ndani ya Amer Sports, iliyoingia soko la hisa la New York Februari 2024 kwa dola 13 kwa hisa. Lakini anayenunua hisa hiyo ananunua zaidi nguo na viatu. Vifungio ni sehemu ndogo ya mauzo.

Kanuni ni moja dukani na kwenye soko la hisa: pima kwanza utakachokitumia au utakachomiliki hasa, ndipo ulinganishe bei.