Njaa ya Limfoma ya Burkitt

Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kabisa katika mwili wa binadamu. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na uvimbe ulioanza taratibu kwenye taya la mtoto hulegeza meno na kusukuma jicho nje kabla wazazi hawajamaliza kushauriana waende hospitali gani. Ukuaji wa namna hiyo unataka chakula kingi. Kabla ya kugawanyika, kila seli hujijengea nakala kamili ya DNA, utando mpya na protini za kutosha seli mbili, na malighafi yote hutoka katika glukosi, mafuta na asidi amino zinazoletwa na damu. Shughuli hiyo ya kuvunja chakula na kujenga mwili huitwa umetaboli. Tiba inayoulenga humvizia adui jikoni kwake.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ireland Kaskazini, aliwaona watoto wenye uvimbe huo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957, akaandika habari zao mwaka uliofuata. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walizunguka kwa gari majuma kumi, mwendo wa maili 10,000 hivi, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama ugonjwa huo unajulikana. Ramani waliyoichora ilifuata joto na mvua. Karibu na ikweta ugonjwa ulikuwa adimu juu ya mwinuko wa futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi. Kwa mkazi wa Taita Taveta nchini Kenya kipimo hicho si cha kubuni: Voi iko chini ya mita 600, na anayepanda kutoka huko kupitia Mwatate hadi msitu wa Chawia hufika takriban kwenye mwinuko huo huo.

Kilichochora mpaka huo ni malaria, kwa kuwa vimelea na mbu wake hawastawi penye baridi. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, naye ana kirusi cha Epstein-Barr (kilichogunduliwa London mwaka 1964 katika seli za uvimbe uliotoka Uganda), seli zake za kinga aina ya B huchochewa kugawanyika bila kupumzika. Siku moja kromosomu mbili hukatika na kuungana vibaya. Jeni iitwayo MYC huhama ikaangukia jirani na jeni za kingamwili, ambazo katika seli hizo huwa macho daima, nayo ikawa haizimiki tena.

MYC ndiyo inayoshika funguo za ghala. Huamuru vimeng'enya vya kuvunja glukosi vitengenezwe kwa wingi, pamoja na kile kinachogeuza mabaki ya glukosi kuwa laktati. Huongeza pia matumizi ya glutamini, asidi amino inayotoa naitrojeni ya kujengea DNA. Tabia hii ya kumeza sukari na kutema laktati ilikwisha kuonekana miaka ya 1920 na Otto Warburg wa Berlin, aliyeshangaa kwamba seli za saratani hufanya hivyo hata oksijeni ikiwepo. Njia hiyo ni ya hasara: molekuli moja ya glukosi hutoa molekuli mbili tu za nishati (ATP), hali mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zingetoa takriban 30. Warburg alidhani mitokondria za saratani zimeharibika. Kwa aina nyingi alikosea, kwa maana seli inayogawanyika haikosi nishati bali vifaa vya ujenzi, na glukosi isiyoteketezwa yote hubaki kuwa vifaa hivyo.

Ulafi huo wa glukosi umekuwa na manufaa makubwa zaidi katika upimaji kuliko katika tiba. Mashine ya PET, ambayo kwa Kenya ipo katika hospitali kadhaa za Nairobi, humulika sukari iliyobandikwa florini yenye mionzi mahali inapokusanyika. Lakini kutokana na picha hizo umezuka ushauri unaosikika sana vijijini na mitandaoni, kwamba mgonjwa akiacha sukari saratani itakufa njaa. Haifi. Ini hutengeneza glukosi usiku na mchana ili kiwango chake katika damu kisishuke, na uvimbe huchota humo humo. Anayekonda ni mgonjwa, tena kabla ya kuanza dawa zinazotaka awe na nguvu.

Shambulio lililofaulu lilipitia kwenye foleti, vitamini ya mboga za majani na maharage. Seli huitumia kutengeneza herufi za DNA, na kila ikitumika hubadilika umbo, ikahitaji kimeng'enya kimoja cha kuirudisha kazini. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alieleza jinsi aminopterini, molekuli inayofanana na foleti lakini isiyofanya kazi yake, ilivyowapa nafuu ya muda watoto wenye saratani ya damu. Binamu yake, methotreksati, ndiyo iliyofika Afrika Mashariki. Burkitt hakuwa na mashine ya mionzi Kampala, na kisu hakikuweza kuufuata uvimbe ulioenea taya zote mbili. Alipopewa dawa hiyo na Joseph Burchenal na Herbert Oettgen wa New York aliwatibu watoto nayo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1963. Nyuso zilizofura zilirudi hali yake kwa siku chache. Kilichofuata ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza Mulago mwaka 1967 kama kituo cha kutibu limfoma.

Kinamama wengi wa Pwani na kandokando ya Ziwa wamemeza dawa ya ukoo huo bila kujua. Tembe za SP zinazotolewa kliniki ya wajawazito kuzuia malaria zina pirimethamini, inayozuia kimeng'enya hicho hicho ndani ya kimelea. Ndiyo maana kliniki hutoa asidi ya foliki, yaani foleti ya tembe, ya mikrogramu 400 na si tembe ya miligramu 5, kwani ile kubwa hukilisha kimelea na kuibatilisha SP. Pirimethamini hukamata kimeng'enya cha kimelea kwa nguvu kuliko cha binadamu. Methotreksati haina ubaguzi huo, kwa kuwa seli ya saratani na seli ya uboho hutumia kimeng'enya kilekile; hivyo vidonda vya mdomoni na upungufu wa damu huja pamoja na nafuu, na dozi kubwa hufuatiwa na asidi ya foliniki ili kuziokoa seli zenye afya.

Njia iliyo nyoofu zaidi ni kutafuta chakula ambacho saratani haiwezi kujipikia. Mwaka 1953 John Kidd wa New York aliona kwamba maji ya damu ya simbilisi yanaangamiza limfoma za panya. John Broome akaja kuonyesha kwamba kinachofanya kazi ni asparajinasi, kimeng'enya kinachoivunja asparajini katika damu. Seli nyingi za mwili hujitengenezea asparajini, ila zile za saratani kali ya damu ya watoto haziwezi vya kutosha. Mpaka leo asparajinasi ni nguzo ya tiba yao.

Ulafi mtupu umekuwa shabaha mbaya. Metformini, dawa ya kushusha sukari inayojulikana na kila mwenye kisukari, ilijaribiwa kwa wagonjwa 3,649 wa saratani ya matiti wasio na kisukari, na ripoti ya mwaka 2022 ikaonyesha haikuzuia saratani kurudi. Telaglenastati, inayozuia matumizi ya glutamini, haikuongeza kitu kwenye tiba ya saratani ya figo. Zilizofua dafu ni ivosidenibi na enasidenibi, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2018 na 2017 kwa saratani ya damu ya watu wazima ambayo vimeng'enya vyake vya IDH vimebadilika. Kimeng'enya kilichobadilika hakimo katika seli yenye afya, kwa hiyo dawa ina pa kulenga.

Kwa limfoma ya Burkitt, methotreksati bado huchomwa katika maji ya uti wa mgongo, huku siklofosfamidi na vinkristini zikipitia mshipani. Hatari ya siku za kwanza hutokana na dawa kufaulu. Mabilioni ya seli hufa kwa pamoja na kumwaga potasiamu, fosfeti na mabaki ya DNA, ambayo mwili huyageuza kuwa asidi ya yuriki. Potasiamu huweza kusimamisha moyo, na asidi ya yuriki huganda kama chembe za mchanga katika figo. Kwa hiyo mtoto hutundikiwa dripu na kupewa alopurinoli kabla ya dozi ya kwanza, na muuguzi hupima kila mkojo anaoutoa.